Kupima na Kutunza Breka za Umeme Nyumbani: Mwongozo Kamili

Taa ikiungua utajua usiku huohuo. Soketi ikifa, simu isiyochaji itakuambia. Lakini breka iliyoharibika haisemi kitu. Taa zinawaka, friji inapoza, maji yanachemka, na nyumba nzima inaonekana iko salama, mpaka siku nyaya zitakapogusana na breka ikashindwa kukata. Kifaa hiki kinaweza kukaa ukutani miaka 15 bila kuitwa kazini hata mara moja. Ndiyo maana inabidi tukifuate wenyewe, tukikague na kukipima kwa makusudi.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba na mpangaji, si wa fundi peke yake. Nitaeleza kazi unazoweza kuzifanya bila kufungua kifuniko cha bodi ya umeme, kile kilichokazwa kwa skrubu, kisha zile za fundi, ili ukimwita ujue anachopaswa kukupimia na umdai majibu. Mpaka huo usiuvuke. Nyuma ya kifuniko kuna nyaya zinazobaki na umeme hata ukizima swichi kuu, yaani zile zinazoingia kutoka kwenye mita.

## Jua kilichomo kwenye bodi

Fungua mlango mdogo wa bodi ya umeme, ile ambayo mafundi wengi huiita DB. Utaona safu ya vifaa vyenye vishikio vya kupandisha na kushusha. Kwa kawaida kuna aina tatu.

Ya kwanza ni swichi kuu. Hii huzima umeme wa nyumba yote kwa mkono, na mara nyingi haijikati yenyewe.

Ya pili ni saketi breka, au breka tu, ambazo mafundi huziita MCB. Kila moja ina saketi yake: taa za upande huu, soketi za upande ule, jiko, hita ya maji. Kazi yake ni kulinda waya usipate joto kupita kiasi.

Ya tatu ni RCD, ile pana yenye kitufe kilichoandikwa T au TEST. Hii hulinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa laivu na ule unaorudi kwa nyutro. Ikiona haulingani, maana yake upo unaovuja njiani, pengine kupitia mwili wa mtu, nayo hukata. Iliyoandikwa 30 mA au 0.03 A ndiyo ya kulinda watu. Bodi nyingine zina RCBO, ambayo ni breka na RCD ndani ya kifaa kimoja.

Tofauti kati ya hiyo ya pili na ya tatu ndiyo ninayotaka uondoke nayo hata kama utasahau mengine yote. Breka ya ampea 20 imetengenezwa kuvumilia ampea 20. Binadamu anaweza kufa kwa mkondo wa ampea 0.1 ukipita kifuani. Mtu akinaswa na umeme, breka ya kawaida haimwoni, kwa sababu kwake mkondo ule hauzidi wa balbu moja ndogo. Nyumba yenye MCB bila RCD ina ulinzi wa nyaya, haina ulinzi wa watu.

## Breka inavyokata

Ndani ya breka mna njia mbili za kukata. Njia ya polepole ni bapa lililotengenezwa kwa metali mbili zilizoshikanishwa. Mkondo ukizidi, bapa hupata joto, na kwa kuwa metali moja hutanuka kuliko nyenzake, bapa hupinda na kufyatua mtego. Njia ya haraka ni koili yenye kipande cha chuma ndani. Nyaya zikigusana, mkondo hupanda ghafla, koili inakuwa sumaku kali na kuvuta chuma, na umeme unakatika ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Mfumo huu wa njia mbili ndani ya kifaa kidogo cha nyumbani ulisajiliwa mwaka 1924 na Hugo Stotz wa Mannheim, Ujerumani, na mpaka leo msingi wake ni uleule.

Ile njia ya polepole inahitaji kueleweka vizuri, kwa sababu wengi huamini kwamba breka ya ampea 20 hukata pindi mkondo ukifika ampea 21. Sivyo. Kiwango cha kimataifa cha breka za nyumbani, IEC 60898-1, kinataka breka ivumilie mara 1.13 ya ukubwa wake kwa saa nzima bila kukata, na ikifika mara 1.45 ikate ndani ya saa 1. Kwa breka ya ampea 20, hiyo ni ampea 22.6 na ampea 29. Katikati ya namba hizo mbili hakuna ahadi.

Sasa chukua birika la wati 2000, pasi ya wati 1200 na hita ya chumba ya wati 3000, vyote kwenye saketi moja ya volti 230. Jumla ni wati 6200. Gawanya kwa 230 unapata karibu ampea 27. Breka ya 20 inaweza kukaa na mzigo huo kwa muda mrefu bila kukata, huku waya ukipata joto ndani ya ukuta. Kwa hiyo usiseme "mbona breka haijakata" ukidhani ni ruhusa ya kuongeza kifaa kingine.

## Soma maandishi ya usoni

Chukua tochi usome kila breka. Maandishi kama C20 yana habari mbili. Namba ni ampea. Herufi inaeleza njia ya haraka itaitikia mkondo wa kiasi gani: B hukata papo hapo mkondo ukifika kati ya mara 3 na mara 5 ya ukubwa wa breka, C kati ya mara 5 na 10, D kati ya mara 10 na 20. B inafaa taa na vifaa vya kupasha joto. C hustahimili msukumo wa kuanzia wa mota, kama za friji na pampu. D haina nafasi katika nyumba nyingi. Ukiikuta, muulize fundi kwa nini iliwekwa.

Ndani ya kisanduku kidogo utaona namba kama 4500, 6000 au 10000. Hizo ni ampea za shoti ambazo breka inaweza kuzikata bila kupasuka. Breka isiyo na maandishi haya, au yenye maandishi yanayofutika kwa kusuguliwa na kidole, iondolewe. Breka bandia zipo, na nyingine ndani yake hazina hata koili ya kufyatulia.

Kisha linganisha ampea na unene wa waya. Kwa nyaya za shaba, kawaida inayotumika sana ni waya wa milimita za mraba 1.5 kwa breka ya 6 au 10, waya wa 2.5 kwa breka ya 16 au 20, na waya wa 6 kwa breka ya 32. Namna waya ulivyopitishwa hubadilisha hesabu. Uliofungiwa pamoja na nyaya nyingine ndani ya bomba, au uliopita juu ya dari yenye joto kali, hubeba pungufu. Kwa kuwa unene wa waya huonekana ndani ya bodi, jambo hili mwachie fundi alithibitishe na kukuandikia.

## Matayarisho

Usiguse bodi ukiwa na mikono mibichi, ukiwa peku, au sakafu ikiwa na maji. Vaa viatu vikavu vyenye soli ya mpira. Fanya kazi mchana, kwa kuwa taa zitazimika. Wajulishe waliomo ndani, zima kompyuta kwa utaratibu wake, na kama kuna mgonjwa anayetegemea mashine ya umeme, usijaribu chochote mpaka awe na umeme mwingine wa uhakika.

Kama nyumba ina jenereta, sola au inveta ya betri, kumbuka kwamba kuzima swichi kuu si lazima kuwe kumezima kila kitu. Inveta huweza kuamka yenyewe na kurudisha umeme kwenye nyaya ulizodhani zimelala. Jua swichi zote za kuzimia kabla hujaanza.

## Hatua ya 1: Chora ramani ya saketi

Hii ndiyo kazi inayodharauliwa kuliko zote, nami naiweka mbele kwa sababu siku ya moshi hakuna muda wa kubahatisha.

Washa taa zote. Chomeka taa ya meza au redio kwenye soketi. Shusha breka moja, zunguka nyumba nzima, andika kila kilichozimika. Ipandishe, nenda ya pili. Usisahau taa za nje, kengele ya mlango, pampu, feni ya bafuni, na soketi iliyojificha nyuma ya kabati. Ukimaliza, andika karatasi safi na uibandike ndani ya mlango wa bodi. Usiandike "soketi" tu. Andika "soketi za jikoni na ya varanda".

Ramani hii mara nyingi huibua makosa. Ukikuta breka mbili ambazo hata ukishusha mojawapo taa fulani haizimi, au breka isiyozima kitu chochote, weka alama ya swali na umwonyeshe fundi. Usidhani ni ya akiba.

## Hatua ya 2: Kagua kwa macho, pua, masikio na mkono

Fanya hivi jioni, wakati matumizi yako juu, kwa sababu kasoro za joto hazionekani saketi ikiwa imepumzika.

Angalia plastiki ya breka. Ikiwa imegeuka kahawia, imejikunja au ina doa jeusi pembeni ya skrubu, hapo pameungua. Angalia kama kuna nafasi wazi kwenye kifuniko, pale palipoondolewa breka pasizibwe. Mijusi na siafu hupita hapo, na kidole cha mtoto pia. Kuna vibao vya plastiki vya kuziba nafasi hizo.

Nusa. Plastiki ya vifaa vya umeme ikianza kuungua polepole hutoa harufu inayofanana na ya samaki, na watu wengi huitafuta jikoni kwa siku kadhaa wakati chanzo kiko ukutani. Harufu hiyo haina subira. Zima swichi kuu na uite fundi siku hiyohiyo.

Sikiliza. Mvumo mdogo sana unaweza kuwa wa kawaida kwenye baadhi ya vifaa, lakini mlio wa kuchacharika, wa kukatika na kurudi, ni cheche za mahali palipolegea.

Mwisho, gusa uso wa kila breka kwa mgongo wa mkono, juu ya plastiki tu, mbali na skrubu. Vuguvugu si tatizo kwa breka iliyobeba mzigo mkubwa. Moto wa kukufanya uondoe mkono ni tatizo. Breka moja ikiwa na joto kuliko jirani zake wenye mzigo kama wake, chanzo karibu kila mara ni skrubu iliyolegea au migusano ya ndani iliyochakaa.

## Hatua ya 3: Shusha na upandishe kila breka

Angalau mara 1 kwa mwaka, zima vifaa vya saketi husika, kisha shusha breka na uipandishe mara 2 au 3. Grisi ya ndani huganda kwa miaka ya kukaa bila kusogezwa, na migusano hupata ukungu wa kutu ambao msuguano huu huuondoa kidogo. Kishikio kinapaswa kuruka kwa ukakamavu na kutulia juu au chini. Kikilegea, kikikwama katikati, au kikirudi chini chenyewe bila mzigo wowote, breka hiyo imechoka.

Uelewe hata hivyo kwamba kipimo hiki kinaonyesha kishikio kinasogea, hakionyeshi kwamba breka itakata siku ya shoti. Breka ya kawaida haina kitufe cha kujaribia, na hakuna namna salama ya kuijaribu kwa mzigo ukiwa nyumbani. Wapo mafundi wanaogusanisha laivu na nyutro kwa makusudi ili "waone kama inakata". Mzuie yeyote anayetaka kufanya hivyo kwako. Shoti ya namna hiyo inaweza kuwa ya maelfu ya ampea, humwaga cheche usoni, huunguza migusano ya breka nzima, na breka ikiwa ndiyo mbovu, waya unaungua.

## Hatua ya 4: Jaribu RCD

Hapa ndipo una kipimo cha kweli mkononi mwako, nacho kinachukua dakika chache. Watengenezaji wengine huagiza kila mwezi, wengine kila miezi 6. Fuata kilichoandikwa kwenye kifaa chenyewe, na ujaribu pia baada ya radi kubwa au mafuriko.

1. Hakikisha umeme upo. Kitufe hakifanyi kazi bila umeme.
2. Bonyeza T mara moja, kwa muda mfupi. RCD inapaswa kushuka papo hapo.
3. Kabla hujaipandisha, zunguka uhakikishe taa na soketi zinazotegemea RCD hiyo zimezimika kweli. Kishikio kushuka si ushahidi kwamba migusano imeachana.
4. Rudi, shusha kishikio mpaka mwisho, kisha kipandishe mpaka kinase.
5. Andika tarehe.

Isipokata, usiendelee kubonyeza wala kukandamiza kitufe kwa muda mrefu. Kizuizi kidogo kilichomo ndani kwa ajili ya jaribio kinaweza kuungua. Jaribu mara 1 zaidi, na ikikataa, chukulia kwamba nyumba haina ulinzi wa watu mpaka ibadilishwe. Acha kutumia hita ya maji ya kuogea na vifaa vya nje.

Kuna jambo ambalo kitufe hakikuambii. Ukikibonyeza, mkondo mdogo hupitishwa kwenye kizuizi kilichomo ndani ya RCD yenyewe. Haugusi hata kidogo waya wa ardhini wa nyumba yako, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Nyumba ambayo waya wa ardhini ulikatika zamani itafaulu jaribio hili kila mwezi. Kwa hiyo kitufe ni cha lazima, ila peke yake hakitoshi.

## Hatua ya 5: Vipimo vya fundi

Mwite fundi mwenye leseni akague bodi kila baada ya miaka michache, na mapema zaidi kama nyumba ni ya zamani, kama umeongeza kifaa kikubwa, au kama unahamia ambako hujui nani alifunga nyaya.

Fundi mzuri utamtambua kabla hajafungua skrubu ya pili. Atajaribu mita yake kwenye umeme anaoujua upo, kisha atapima pale anapotaka kufanya kazi kuhakikisha haupo, kisha atarudi kuijaribu mita pale pa kwanza. Anafanya hivyo kwa kuwa mita iliyokufa nayo husoma sifuri. Atakayetegemea bisibisi ya testa yenye taa ndogo peke yake, mwambie asubiri. Taa hiyo huweza kukataa kuwaka kwenye waya wenye umeme.

Mdai vipimo vifuatavyo na akuandikie namba zake.

RCD ipimwe kwa mashine yake. Ile ya 30 mA isikate kwa nusu yake, yaani miliampea 15. Kwa miliampea 30 ikate ndani ya milisekunde 300, na kwa 150 ndani ya milisekunde 40. Vipimo hivi hutumia waya wa ardhini wenyewe, ndiyo maana hufunua lile ambalo kitufe hakifunui.

Nyaya zipimwe uimara wa mpira wake kwa volti 500, umeme ukiwa umezimwa na vifaa vimechomolewa. Matokeo yasipungue megaomu 1, na saketi yenye afya huwa juu ya hapo kwa mbali.

Mzunguko wa shoti upimwe kwenye soketi ya mwisho ya kila saketi. Waya ukiwa mrefu au umeungwa vibaya, ukinzani wake huzuia mkondo wa shoti usifike kiwango cha kuamsha koili. Breka inaweza kuwa nzima kabisa na bado isikate haraka. C20, kwa mfano, inahitaji mpaka ampea 200 ili ikate papo hapo bila shaka. Soketi ya mwisho isipoweza kutoa ampea 200 wakati wa shoti, tatizo liko kwenye saketi, na kubadilisha breka kwa nyingine kama hiyo hakutasaidia kitu.

Kipimo kingine kizuri ni upotevu wa volti kati ya skrubu ya juu na ya chini ya breka ikiwa na mzigo. Breka ya ampea 16 hairuhusiwi kupoteza zaidi ya wati 3.5, ambayo kwa mzigo wake kamili ni kama volti 0.2. Ikisoma nusu volti, migusano imeliwa. Na kama una shaka ya uvujaji, klampu mita ya miliampea ikikumbatia laivu na nyutro kwa pamoja inapaswa kusoma karibu na sifuri. Kinachobaki ndicho kinachovuja.

Kukaza skrubu kufanyike umeme ukiwa umekatwa, kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu. Breka nyingi za nyumbani zinataka nyutoni-mita 2 hadi 2.5, lakini namba ya kufuata ni ile ya mtengenezaji. Kukaza kwa hasira huvunja uzi wa skrubu au hukata nyuzi za waya. Fundi aangalie pia kama kuna skrubu iliyobana nyaya mbili za unene tofauti, kwani ile nyembamba hubaki inacheza.

## Breka ikikata

Breka iliyokata imekufanyia kazi. Sasa kazi yako ni kutafuta sababu.

Angalia kwanza ni ipi. Nyingine hushuka mpaka chini, nyingine husimama katikati na huonekana kama iko juu. Hiyo ya katikati ishushe kabisa kabla ya kuipandisha, la sivyo haitanasa. Chomoa vifaa vyote vya saketi ile. Kuzima kwa swichi hakutoshi, kwa sababu nyutro hubaki imeunganishwa. Kisha pandisha mara moja.

Ikikata hapohapo wakati hakuna kilichochomekwa, shoti iko kwenye nyaya, soketi au taa. Acha. Usiipandishe tena na tena, wala usiishikilie kwa kidole. Imetengenezwa kufyatuka ndani hata kishikio kikiwa kimeshikiliwa, na kila unapoirudisha kwenye shoti unaichoma.

Ikikaa, rudisha vifaa kimoja kimoja. Kile kitakachoiangusha kiweke pembeni. Ikiwa inakata baada ya dakika 10 au nusu saa, piga hesabu ya wati kama ile ya birika na pasi. Hesabu ikiwa ndani ya kiwango na bado inakata, shuku joto. Breka hupimwa kiwandani kwa joto la nyuzi 30. Bodi iliyo juani, au safu ya breka zilizobanana zote zikiwa na mzigo, itazifanya zikate mapema.

RCD ndiyo iliyoshuka? Shusha breka zote zilizo chini yake, pandisha RCD, kisha breka moja moja mpaka itakapoanguka tena. Washukiwa wakubwa ni koili za hita ya maji, mashine ya kufulia, friji ya zamani, taa za nje na soketi zilizoingiwa na mvua. RCD ikikataa kupanda hata breka zote zikiwa chini, usishangae. Breka nyingi hukata laivu tu, na nyutro inayogusa ardhi mahali fulani bado itaiangusha. Wakati mwingine hakuna kifaa kibovu hata kimoja. Kompyuta, runinga na chaja, kila kimoja huvujisha kidogo kwa asili yake, na vikijumlishwa vyote chini ya RCD moja vinakaribia miliampea 15, na kuanzia hapo RCD ya 30 mA huweza kukata. Dawa yake ni kugawa saketi kwenye RCD mbili, na kamwe si kuiondoa iliyopo.

Vivyo hivyo, usikubali kamwe breka ya 20 inayokata ibadilishwe kwa 32 huku waya ukiwa uleule wa 2.5. Mpira wa kawaida wa waya umekusudiwa nyuzi 70 za joto. Breka kubwa itanyamaza, na waya utapikika ndani ya ukuta mahali usipoweza kupaona wala kupanusa mapema.

## Matunzo ya kila siku

Bodi inataka ukavu, hewa na nafasi. Futa vumbi kwa nje kwa brashi kavu au kitambaa kikavu. Usipulizie mafuta ya kulainisha, dawa ya wadudu wala sabuni. Mafuta hushika vumbi, hupenya kwenye mtego wa breka, na yanaweza kushika moto. Usifungue breka kuisafisha migusano kwa msasa. Breka haikarabatiwi, hubadilishwa.

Usitundike nguo juu ya bodi wala kuweka kabati mbele yake. Kama maji yanatiririka ukutani juu yake, rekebisha paa au bomba kwanza, maana breka iliyolowa haiaminiki tena hata ikikauka na kuonekana nzima. Iliyozama kwenye mafuriko itupwe. Iliyokata shoti kubwa kwa kishindo ipimwe kabla ya kuaminiwa.

Wenye sola wasikubali breka ya kawaida ya nyumbani ifungwe kwenye nyaya za paneli au betri. Umeme wa nyumbani hubadili mwelekeo na kupita sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche ya kukatia huzimika hapo. Umeme wa paneli haupiti sifuri, cheche huendelea, na breka inaweza kuwaka moto ikiwa imeshuka chini. Zipo breka maalumu za kazi hiyo, na nyingine zina alama za jumlisha na kutoa zinazopaswa kufuatwa.

Bodi ikitoa moshi, zima swichi kuu kama unaweza kuifikia bila kugusa kilichoungua, toa watu nje, na uite zimamoto. Usimwage maji. Kizimamoto cha unga mkavu au cha kaboni dioksidi ndicho kinachofaa.

Kwenye ile karatasi ya ramani, acha safu pembeni ya kuandika tarehe ya jaribio la RCD, breka iliyokata na sababu iliyopatikana, na lini fundi alikaza skrubu. Breka ya jikoni iliyokata mara tatu katika miezi miwili itaonekana hapo wazi, na fundi ataanza kazi akijua aende moja kwa moja wapi.